Picha ya Mtoto wa Mchimba Makaa, na Mahali pa Kuitazama

Mtu anapouliza ni wapi aweza kuitazama picha fulani ya sinema, kwa kawaida hutaka kutajiwa jumba na bei ya kiingilio. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini ziko picha ambazo mahali pa kuzitazamia pana maana kuliko tikiti, kwa kuwa mtu akizitazama peke yake chumbani ataona jambo moja, na akizitazama pamoja na wenziwe wa kazi ataona jambo jingine. Mojawapo ni Billy Elliot, picha ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 2000, juu ya mtoto wa mchimba makaa ya mawe aliyetaka kucheza baleti.

Kwa msomaji asiyeijua, baleti ni ngoma ya majukwaani iliyolelewa katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Ilianzia Italia, ikakua Ufaransa, ambako Mfalme Louis XIV aliunda chuo cha ngoma mwaka 1661, kisha ikastawi sana Urusi. Haijifunzwi kwa kutazama tu. Mtoto huanza angali mdogo, akafundishwa siku kwa siku, kwa miaka kadha wa kadha, namna ya kusimama, kugeuza nyonga, kunyosha mguu na kuruka. Yahitaji mwalimu, mpiga piano, ukumbi wenye sakafu ya mbao, viatu vinavyochakaa upesi, na zaidi ya yote yahitaji wakati. Vyote hivyo hununuliwa. Ndiyo sababu katika nchi nyingi ngoma hii ilihesabiwa kuwa mali ya wenye nacho, na mtoto wa kabwela aliyeitamani alionekana kama mtu aliyepotea njia.

MWAKA WA MGOMO

Hadithi ya picha hii imewekwa katika jimbo la Durham, kaskazini-mashariki ya Uingereza, mwaka 1984. Mji unaotajwa, Everington, ni wa kubuni. Lakini nyingi ya nyumba na barabara tunazoziona ni za Easington Colliery, mji halisi wa wachimba makaa ulio kando ya bahari. Watu wa mji huo waliijua bei ya makaa kuliko wale waliokuwa wakiota moto wake. Tarehe 29 Mei 1951 mlipuko ulitokea chini ya ardhi katika mgodi wao, wakafa watu 83, wawili kati yao wakiwa ni waokoaji walioshuka kuwatafuta wenzao.

Migodi ya makaa ya Uingereza ilikuwa mali ya taifa tangu tarehe 1 Januari 1947. Mwezi wa Machi 1984 Halmashauri ya Makaa ya Taifa, chini ya mwenyekiti wake Ian MacGregor, ilitoa mpango wa kufunga migodi 20 na kuondoa kazi 20,000. Chama cha Taifa cha Wachimba Migodi, kikiongozwa na Arthur Scargill, kilisema kwamba hayo ni mwanzo tu, na kwamba orodha ya kweli ni ndefu zaidi. Serikali ya Bibi Margaret Thatcher ilikana. Miaka 30 baadaye, mwaka 2014, nyaraka za Baraza la Mawaziri zilifunguliwa, zikaonyesha kwamba MacGregor alikuwa amekusudia kufunga migodi 75 katika muda wa miaka mitatu.

Mgomo ulidumu karibu mwaka mzima. Serikali ilikuwa imejiandaa: makaa yalikwisha kurundikwa kwenye vituo vya umeme, na polisi walikusanywa kutoka kila pembe ya nchi. Watu zaidi ya 11,000 walikamatwa. Wagomaji nao hawakuwa na kauli moja, kwa sababu chama hakikupiga kura ya nchi nzima, na katika jimbo la Nottinghamshire wachimbaji wengi waliendelea kwenda kazini. Waliogoma waliishi kwa michango na kwa chakula cha majiko ya pamoja. Mwezi wa Machi 1985 walirudi kazini bila ya mapatano yo yote.

PENI 50

Katika mwaka huo wa dhiki ndimo mwandishi Lee Hall, mzaliwa wa Newcastle, alimomweka Billy. Mtoto ana umri wa miaka 11. Mama yake amefariki. Baba yake, Jackie, na kaka yake, Tony, wote ni wachimbaji walio mgomoni. Nyumbani yumo bibi yake pia, mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu. Kila juma, hata katika njaa hiyo, baba humpa mtoto peni 50 akajifunze ngumi katika ukumbi wa mji, kama baba mwenyewe alivyojifunza.

Chini ya ukumbi huo palikuwa na chumba ambamo wasichana hufundishwa baleti. Chumba hicho sasa kimefanywa jiko la wagomaji. Basi wasichana wakahamishiwa juu, wagawane ukumbi na wapiga ngumi. Msomaji aangalie vema jinsi jambo lilivyoanza. Mtoto huyu hakukutana na baleti kwa sababu tajiri mwema alimwona njiani. Alikutana nayo kwa sababu wafanya kazi walio mgomoni walihitaji mahali pa kupikia.

Billy ajiunga na mstari wa wasichana akiwa na viatu vyake vya ngumi miguuni. Mwalimu, Bibi Wilkinson, ni mwanamke mkali, mwenye sigara mkononi na maneno yasiyopakwa asali. Lakini ana jicho, naye hutambua mara moja kwamba katika mwili wa mtoto huyu kuna kitu kisichofundishika. Tangu hapo zile peni 50 za ngumi zaenda kwa siri kulipia baleti.

Baba agundua, akakataza kwa hasira. Ni rahisi kumcheka, wala picha haituzuii kucheka. Lakini tumtazame mtu mwenyewe. Mkewe amekufa, mshahara hana, mlango wa kazi umefungwa, na polisi wamejipanga barabarani mbele ya nyumba yake. Kitu kimoja kilichombakia ni heshima ya kuwa mwanamume kama babu zake walivyokuwa; na sasa mwanawe mdogo anataka kucheza ngoma ambayo mji mzima waiita ya wasichana. Hofu yake si ya ujinga tu. Ni hofu ya mtu anayeona kila kitu kikimtoka mkononi.

Bibi Wilkinson amtayarisha mtoto kwa mtihani wa kuingia Royal Ballet School ya London, utakaofanywa Newcastle. Siku yenyewe Tony amekwisha kamatwa na polisi. Mtoto apelekwa mahakamani pamoja na jamaa zake, na mtihani wapita. Ifikapo Krismasi, baba aivunja kwa nyundo piano ya marehemu mkewe ili wapate kuni. Usiku uo huo amkuta Billy akicheza ukumbini. Badala ya kukimbia, mtoto asimama mbele ya baba yake akacheza kwa nguvu zake zote, bila ya kusema neno. Baba atoka kimya, aenda moja kwa moja kwa mwalimu, na amwuliza ni kiasi gani cha fedha kitahitajiwa.

NDANI YA BASI

Hapo ndipo picha ifikapo kwenye moyo wake. Asubuhi moja Tony yuko langoni mwa mgodi pamoja na wenzake, wakilipigia kelele basi lililozungushiwa nyavu za chuma, ambalo ndani yake wamo watu waliokubali kuvunja mgomo. Katika dirisha la basi hilo aona uso wa baba yake.

Hapana mwana chama atakayeitazama sehemu hii akatulia. Kila mmoja wa hao wawili anayo haki. Baba anayo haki ya kumtafutia mwanawe fedha: kwani mtoto yu tayari sasa, na nafasi yake haitangoja mpaka mgomo uishe. Tony naye anayo haki, kwa kuwa mgomo haukuvunjwa na polisi peke yao. Ulivunjwa pia na watu wema waliokuwa na shida za kweli majumbani mwao, kila mmoja kwa sababu yake nzuri. Picha haimtukani baba huyo, wala haimsifu. Yamwonyesha akilia mikononi mwa mwanawe mkubwa, ndani ya ua wa mgodi, na wote wawili wanajua kwamba hawezi kuendelea na hawezi kurudi mikono mitupu.

Jawabu latoka kwa wengine. Wachimbaji wasio na mshahara wachangishana. George, mwalimu wa ngumi, yule aliyeudhika mwanafunzi wake alipoacha ngumi, asaidia kukusanya fedha ukumbini. Baba aweka rehani vito vya mkewe. Kwa fedha hizo mbili, michango ya watu na mapambo ya marehemu, baba na mtoto wapanda basi la London, mji ambao mchimbaji huyu hajapata kuukanyaga maishani mwake. Basi mtu akisema kwamba picha hii ni hadithi ya mtoto mwenye kipaji aliyejiokoa kutoka kwa watu wajinga, mtu huyo hakuitazama. Ni watu wale wale, wakiwa katika mwaka wao mbaya kupita yote, walioilipa nauli.

Halafu barua ya kukubaliwa yafika. Baba akimbia mbio kuwapasha habari wenzake katika klabu yao, awakuta wameinama. Wanamwambia kwamba chama kimeshindwa, na kwamba wanarudi kazini. Furaha yake yamkwama kooni. Siku Billy anapoondoka mjini kwa basi, baba na Tony waonekana wakishushwa tena chini ya ardhi katika kizimba cha chuma. Mwishoni miaka imepita; baba amezeeka, yumo ndani ya jumba kubwa la London pamoja na Tony, na mwanawe, ambaye sasa ni mtu mzima, aruka jukwaani katika mchezo wa Swan Lake. Mwenye kucheza sehemu hiyo ni Adam Cooper, mcheza baleti wa kweli, aliyekuwa amepata sifa kubwa katika Swan Lake ya Matthew Bourne, ambamo mabata-maji huchezwa na wanaume.

YASIYOONYESHWA

Picha nzuri nayo yafaa ichunguzwe. Ya kwanza, haielezi vya kutosha sababu za mgomo. Kijana asiyejua habari za mwaka 1984 ataona kelele, ngao za polisi na mayai yakirushwa, asijue ni kwa ajili ya nini. Ndiyo maana tumeyaeleza hayo hapo juu.

Ya pili, imewasahau wanawake wa mji. Wake za wachimbaji ndio walioendesha yale majiko, walisafiri kukusanya michango, walisimama malangoni pamoja na waume zao, na mwaka huo huo waliunda umoja wao, Women Against Pit Closures. Katika picha hii mama amekufa, bibi amezeeka, na mwanamke mwenye nguvu pekee ni mwalimu, ambaye haishi katika nyumba za wachimbaji. Jiko lipo, lakini wapishi hawana la kusema.

Ya tatu ndiyo nzito. Mtazamaji atoka akifurahia ule mruko wa mwisho, akasahau kizimba kilichoshuka. Mtoto mmoja amefaulu. Je, wale maelfu? Mgodi wa Easington ulifungwa mwaka 1993. Mgodi wa mwisho wa kina kirefu katika Uingereza yote, wa Kellingley, ulifungwa mwezi wa Desemba 2015. Hapana ngoma iwezayo kufidia hayo. Lakini kwa haki yafaa tuseme kwamba waliotengeneza picha hii hawakutuficha: wao wenyewe ndio waliotuonyesha kizimba kwanza, na mruko baadaye. Kosa la kusahau ni letu.

FEDHA NA WATENGENEZAJI

Mwongozaji wa picha, Stephen Daldry, alikuwa mtu wa michezo ya jukwaani, na hii ilikuwa picha yake ndefu ya kwanza. Jamie Bell, aliyecheza kama Billy, alizaliwa Billingham, katika pande hizo hizo za kaskazini-mashariki, akachaguliwa miongoni mwa watoto zaidi ya 2,000. Mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 14, alipewa tuzo ya BAFTA ya mchezaji bora wa kiume, naye Julie Walters, aliyecheza kama Bibi Wilkinson, akapewa ya mchezaji bora wa kike wa pili. Gharama ya picha ilikuwa kiasi cha dola milioni 5. Mapato yake katika majumba ya sinema ulimwenguni yalipita dola milioni 100. Sehemu ya fedha za kuianza ilitoka BBC na Arts Council ya Uingereza, yaani katika mifuko ya umma. Yafaa jambo hilo likumbukwe na wale wanaosema kwamba fedha ya umma ikitiwa katika sanaa hupotea bure.

Mwaka 2005 hadithi hii iligeuzwa kuwa mchezo wa nyimbo katika jumba la Victoria Palace, London, kwa muziki wa Elton John, ikachezwa huko hadi mwaka 2016. Siku aliyofariki Bibi Thatcher, tarehe 8 Aprili 2013, watazamaji waliulizwa kama wimbo mmoja unaomkejeli uachwe usiku huo. Walipiga kura, wakataka uimbwe.

MTOTO WA DEREVA WA LORI

Atakayependezwa na Billy Elliot na atafute pia Yuli, picha ya mwaka 2018 iliyoongozwa na Icíar Bollaín, juu ya maisha ya kweli ya Carlos Acosta wa Cuba. Acosta alizaliwa Havana mwaka 1973, mtoto wa dereva wa lori, mtu mweusi aliyetokana na watumwa. Huko mambo yalikuwa kinyume cha yale ya Durham. Shule ya baleti ilikuwa ya serikali, haina ada, na mtoto alipewa chakula cha mchana. Baba ndiye aliyetaka. Mtoto alitaka kucheza mpira. Mwaka 1990 Acosta alishinda medali ya dhahabu katika mashindano ya Lausanne, Uswisi, na mwaka 1998 alijiunga na Royal Ballet ya London. Katika picha hiyo yeye mwenyewe anaonekana, akiyacheza kwa ngoma maisha yake.

Picha hizo mbili zikiwekwa pamoja zatoa somo ambalo kila moja peke yake haiwezi kulitoa. Katika moja, kipaji cha mtoto wa mfanya kazi chategemea huruma ya mwalimu, vito vya marehemu na michango ya wenye njaa. Katika nyingine, mlango uko wazi kwa sheria. Wala mlango wazi hauondoi machungu yote. Yuli ni mtoto mpweke, mwenye hasira, aliyetengwa na nyumbani kwa ajili ya jambo ambalo hakulichagua. Lakini tofauti ni kubwa. Billy alihitaji bahati. Watoto wengine wa mtaa wake, wasiopata mwalimu kama yule, hatuyajui majina yao.

MAHALI PA KUITAZAMA

Sasa turudi kwenye swali letu. Billy Elliot ina urefu wa dakika 110. Yapatikana katika diski, na hukodishwa na kuuzwa katika huduma za picha za intaneti. Orodha za huduma hizo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi na hubadilika mara kwa mara. Kwa hiyo mtu na aitafute kwa jina lake kamili kabla ya kulipa. Mchezo wa nyimbo nao ulipigwa picha jukwaani London tarehe 28 Septemba 2014, ukaonyeshwa katika majumba ya sinema, kisha ukatolewa katika diski. Hizo ni kazi mbili zenye jina moja; mnunuzi na aangalie asije akachukua hii akidhani ni ile.

Mambo mawili yafaa yajulikane mapema. Wachezaji husema Kiingereza cha Durham, ambacho hata Waingereza wa kusini hupata taabu nacho. Basi maandishi ya chini yawashwe. Tena maneno yao ni makali. Huko Uingereza picha hii iliwekwa katika daraja ya umri wa miaka 15 na kuendelea, na wazazi na walitie hilo maanani.

Lakini tunashauri zaidi ya hayo. Tawi la chama cha wafanya kazi lenye ukumbi, ukuta mweupe na mashine ya kuonyeshea laweza kuionyesha kwa wanachama wake wote jioni moja, baada ya kupata idhini ya wenye haki ya picha na kibali cha bodi ya filamu ya nchi. Awepo mtu mmoja wa kueleza kwa Kiswahili, kabla ya taa kuzimwa, mgomo wa 1984 ulikuwa ni wa nini. Picha ikiisha, taa ziwashwe, watu wasitawanyike, na liulizwe swali moja: wewe ungalikuwa ndani ya basi lile, au nje yake? Wenye watoto watajibu namna moja, na wasio nao namna nyingine. Mabishano hayo ni sehemu ya picha, na mtu aliye peke yake chumbani hawezi kuyapata.

Baadaye wanachama na waulizane jambo lililo karibu zaidi. Katika mtaa wao yupo mtoto aimbaye, achoraye, akimbiaye au achezaye kuliko wenziwe. Je, anaye mwalimu? Nauli yake ataitoa nani? Wachimbaji wa Durham walilijibu swali hilo wakati mifuko yao ilikuwa mitupu.